Programu ya Kutembea: Ianzie Mtaani

Asubuhi na mapema pale Mukuru, utaona watu wengi wakielekea Industrial Area kwa miguu. Hawaendi mazoezi, wanaenda kazi. Lakini programu nyingi za kutembea zimeundwa kwa mtu wa mazoezi, mwenye simu kubwa na bando lisiloisha. Je, kikundi chenu kikitaka kuunda ya kwenu, mtaanzia wapi?

1. Njia kwanza. Mtembeaji anataka kujua kichochoro gani kinapitika mvua ikinyesha, na njia gani ina taa saa moja jioni. Wanaojua hayo ni wenyeji. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walizunguka na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuiongezea. Nanyi anzieni hapo.

2. Simu tulizo nazo. Kuhesabu hatua hakuhitaji intaneti. Simu yenyewe huhisi mwendo wako. Basi ramani ihifadhiwe ndani ya simu, bando lisiishe. Na mwenye kabambe asiachwe nyuma: aweze kuripoti njia iliyofurika kwa SMS.

3. Hesabu ya nauli. Tuseme unaokoa shilingi 50 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hiyo ni 250. Wiki 4 ni 1,000. Programu ikikuonyesha hesabu hii kila jioni, ni rahisi kuiweka akiba kabla haijapotelea kwa matumizi madogo madogo.

4. Usalama. Hapa tuwe macho. Programu ya kutembea haina haja na PIN yako ya pesa. Ikikuomba, ifute. Ikikuambia ulipe "ada ya usajili" ndiyo ulipwe kwa kila hatua, usitume hata shilingi. Tena, anayejua unatoka saa ngapi anajua pia nyumba yako iko tupu saa ngapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, na kuitisha ifutwe ikiwa haihitajiki tena.

Kwa hivyo, kabla hamjamlipa fundi yeyote, chukueni daftari mtembee njia zenu pamoja wiki moja, asubuhi na jioni. Mtakachoandika humo ndicho programu yenu inafaa kufanya.