Shule Haijengwi Mara Moja

(Mazungumzo ya redioni, yamechapishwa kwa ajili ya wasomaji wetu)

 

Leo tunapenda kuzungumza juu ya sadaka moja ambayo wengi wetu hatujazoea kuiita sadaka. Ni ile fedha kidogo, au lile gunia la mahindi, ambalo mtu huitolea shule kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, bila kuitwa jukwaani wala kupigiwa makofi. Neno letu ni hili: shule humfurahia mtu anayetoa kingi siku moja, lakini huishi kwa ajili ya yule anayetoa kidogo na kurudi tena mwaka ujao.

Huenda msikilizaji mmoja akauliza, "Je, elimu si bure siku hizi? Kwa nini tuombwe tena?" Swali hili ni la haki, nasi tulijibu kwanza.

Mwaka 1974 serikali ya Kenya iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi. Watoto walimiminika shuleni. Lakini watoto hao walihitaji madarasa na madawati, na shule nyingi zikaanza kutoza ada ya ujenzi. Baada ya muda si mrefu watoto wengi wa maskini walirudi nyumbani, kwa kuwa ada ile iliwashinda wazazi wao kama karo ilivyokuwa imewashinda. Mwaka 2003 karo iliondolewa katika madarasa yote manane ya shule ya msingi, na hesabu ya wanafunzi ikapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, na mwaka 2018 kiasi kilichopangwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kilifikia shilingi 22,244 kwa mwaka.

Haya ni mambo makubwa, na yafaa tuyashukuru. Hata hivyo fedha hizo huja kwa mafungu, na mara nyingine huchelewa. Tena hazimvishi mtoto sare, hazimnunulii viatu, wala hazimpi binti sodo za mwezi. Katika shule nyingi za kutwa, chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Basi mtoto ambaye masomo yake yamelipiwa aweza bado kukaa nyumbani kwa sababu ya shati moja, au akakaa darasani na njaa asiweze kusikia lolote linalosemwa. Hapo ndipo sadaka yetu ina kazi.

Jambo la pili. Sisi watu wa Kenya tunajua kutoa. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipotangaza wito wa Harambee mwaka 1963, wananchi walichanga shilingi, kuku na mbuzi wakajenga mamia ya shule za sekondari. Hapa Nakuru, chuo kinachoitwa leo Rift Valley National Polytechnic kilianza kwa njia hiyo ya Harambee katika miaka ya 1970. Na kabla ya hapo, mwaka 1939, Lord Maurice Egerton alitoa ekari 740 za ardhi kule Njoro ili shule ya ukulima ianzishwe. Wakati ule ilikuwa kwa vijana wa Kizungu tu, lakini baadaye ilifunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Hizo zilikuwa zawadi kubwa, na matunda yake tunayaona kwa macho yetu.

Lakini hebu tufikiri. Ukuta hujengwa mara moja ukasimama miaka mingi. Chaki huisha kila juma. Kuni za jikoni huisha kila siku. Dawa za maabara humwagwa katika jaribio moja zikawa zimekwisha. Na kila mwaka, mwezi wa Januari, huingia watoto wapya ambao hawakuwapo siku ile ya Harambee. Zawadi ya siku moja haiwezi kuwalisha watoto wa miaka yote.

Tena twajua udhaifu wa siku ile kubwa. Mgeni wa heshima hufika, ahadi hutangazwa kwa kipaza sauti, watu hushangilia, na mwisho wa mwezi mwalimu mkuu hupiga simu ambayo haijibiwi. Majengo mangapi tumeyaona yamefika kwenye lenta yakasimama hapo, nyasi zikaota ndani? Ahadi ni deni, wapenzi. Na deni kwa mtoto ni zito kuliko deni la dukani, kwa maana mtoto hawezi kuja mlangoni kwetu kulidai.

Sasa tutoe mfano wa karibu. Katika kijiji cha Pwani, huku kwetu Njoro, iko shule ya sekondari ya kutwa iitwayo Keriko. Huko alifundisha hesabati na fizikia Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko. Mwezi wa Machi 2019, kule Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia nzima, akiwa amechaguliwa kati ya watu wapatao 10,000 waliopendekezwa. Wakati ule ilielezwa kwamba wanafunzi 95 kati ya kila 100 katika shule ile walitoka katika jamaa maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au walikuwa na mzazi mmoja tu. Wengine walitembea kilomita 7 katika barabara ambazo wakati wa mvua hazipitiki. Kompyuta ilikuwa moja tu.

Je, alitoa nini mwalimu huyu? Alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kila mwezi kuwasaidia maskini, wakiwamo wanafunzi waliokosa sare na vitabu. Angalieni neno hilo, kila mwezi. Hakungoja awe tajiri, wala hakungoja siku ya sherehe. Mshahara ulipoingia, sehemu ya watoto ilikuwa imekwisha kutengwa. Pamoja na fedha alitoa pia wakati wake, akawafundisha watu wa kijiji kupanda mazao yanayostahimili ukame, na kuanzisha chama cha amani kwa wanafunzi wa makabila saba, katika nchi hii ambayo iliumizwa sana na ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya chuo. Mwaka 2018 wakawa 26.

Na iko habari nyingine katika tuzo ile ambayo wengi hawakuitia maanani. Fedha zake ni dola milioni 1 za Marekani. Lakini kwa kanuni za tuzo yenyewe hazitolewi zote kwa mara moja, bali hugawanywa sawasawa katika miaka 10. Hata walio na mamilioni waliona hekima ya kutoa kila mwaka!

Pengine msikilizaji atasema, "Huyo ni mtawa, hana mke wala watoto wa kusomesha. Mimi nina jamaa." Ni kweli. Hatumwambii mtu atoe sehemu 8 katika 10 za mshahara wake na kuwaacha wake na njaa. Basi tuangalie mfano wa pili, wa mama mmoja wa mshahara mdogo.

Hilde Back alizaliwa Ujerumani katika jamaa ya Kiyahudi. Akiwa msichana alikimbilia Uswidi, na wazazi wake wakafa katika kambi za Wanazi. Kule Uswidi akawa mwalimu wa watoto wadogo. Katika miaka ya 1970 alikubali kumlipia karo mtoto mmoja wa Kiambu ambaye hakuwahi kumwona, dola 15 hivi kila muhula. Mtoto huyo, Chris Mburu, alisoma mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Harvard huko Marekani, akawa mwanasheria wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto wengine maskini, akaupa jina la mama yule. Dola 15 si mali nyingi. Lakini kama zingalikuja muhula mmoja na kukatika muhula wa pili, mtoto yule angalirudi nyumbani, na habari hii isingalikuwapo.

Ndiyo maana wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Hebu tupige hesabu. Mtu akiweka shilingi 50 kila mwezi, kwa mwaka amepata shilingi 600. Watu 100 wa kanisa moja wakifanya hivyo, ni shilingi 60,000. Mwalimu mkuu akijua hakika kwamba shilingi 60,000 zitafika kila Januari, aweza kukaa na kamati yake na kupanga: sare za watoto kadhaa, mahindi na maharagwe ya muhula, na kiasi cha vitabu. Lakini akipata laki mbili mwaka huu asijue kama mwaka ujao atapata hata senti, hawezi kumwambia mtoto yeyote, "Usiogope, utamaliza."

Je, tufanyeje? Tunashauri mambo manne.

La kwanza, tuchague majira yetu. Hapa kwetu mahindi hupandwa mwezi wa Machi au Aprili, na huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, na shule hufunguliwa Januari. Basi wakati wa kutenga sehemu ya shule ni wakati gunia linaposhonwa, kabla halijauzwa. Mwenye ng'ombe atenge katika malipo ya maziwa, na mwenye mshahara atenge siku ya mshahara. Kinachongojwa kibaki hakibaki.

La pili, ahadi yetu ifike mwisho wa safari. Katika mfumo wa 8-4-4 sekondari ilikuwa miaka 4, na katika mtaala mpya sekondari ya juu ni miaka 3. Tukimshika mkono mtoto, tumshike kwa miaka hiyo yote. Kumwingiza na kumwachia njiani ni kumvunja moyo mara mbili. Afadhali kuahidi kidogo tunachoweza kukitimiza.

La tatu, fedha ziwe na njia iliyo wazi. Zilipwe kwenye akaunti ya shule au kwa mweka hazina aliyechaguliwa, risiti itolewe, na mwisho wa mwaka hesabu isomwe mbele ya watu. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliosifiwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kunung'unika. Kama Paulo alijilinda hivyo, sisi ni nani tukasirike tunapoulizwa risiti?

La nne, tulinde heshima ya mtoto. Asisimamishwe mbele ya kusanyiko ili watu waone ni nani aliyenunuliwa viatu. Mwalimu wa darasa awajue wahitaji, nasi tutoe kwa shule, si kwa kujionyesha. Mtoto anayeaibishwa kwa msaada huuchukia msaada, na pengine huichukia shule pia.

Najua yuko anayesema moyoni, "Na mwaka wa ukame, mahindi yakikauka shambani, je?" Mwaka huo tutoe kile kilichopo, hata kama ni debe moja badala ya gunia, au siku moja ya kazi ya kuezeka jiko la shule. Na kabla Januari haijafika tumwambie mwalimu mkuu ukweli, ili apange upya. Anayesema mapema, "Mwaka huu nina nusu," bado ni nguzo ya shule. Anayenyamaza ndiye anayeangusha paa.

Wakristo wa Korintho nao walikuwa na moyo wa kutoa, wakaahidi. Mwaka ukapita, ahadi haijatimia. Paulo hakuwakemea kwa ukali, bali aliwakumbusha wamalize walichokianza, tena aliwashauri kila mmoja aweke kando kidogo kidogo kila juma, ili siku yake isiwe siku ya kuhangaika. Shauri hilo ni la zamani, lakini lingali linafaa katika kila kijiji cha Bonde la Ufa.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kulala leo, kila mmoja amkumbuke mtoto mmoja wa jirani, na shule moja iliyo karibu naye. Aandike kwenye karatasi kiasi atakachotoa mwaka huu, na chini yake aandike mwaka ujao, na mwingine baada yake. Kisha karatasi hiyo aiweke pale anapoweka fedha zake.

Mungu awabariki, na ayabariki mashamba yenu na watoto wetu wote. Kwaherini mpaka wakati mwingine.