Nanga Ndogo Ndani ya Taya

Gari la doria likizama topeni, dereva mwerevu hafungi kamba kwenye gari jingine lililosimama katika tope hilo hilo, kwani yote mawili yatavutana na kuzidi kukwama. Hutafuta mti wenye mizizi imara, akaifunga kamba hapo. Tatizo la dereva huyo ndilo lililowasumbua kwa miaka mingi madaktari wanaopanga meno.

Mtu ambaye meno yake ya juu yametokeza sana huweza kung'olewa gego dogo moja kila upande, ili ipatikane nafasi ya kuyarudisha meno ya mbele nyuma. Waya huyavuta kwa kutegemea magego makubwa. Lakini magego nayo ni meno, wala hayakupigiliwa misumari tayani. Nguvu inayoyarudisha meno ya mbele nyuma ndiyo inayoyavuta magego kuja mbele. Hivyo nafasi iliyopatikana kwa kupoteza meno mawili huweza kuliwa bure. Ili kuzuia hasara hiyo, wagonjwa walivalishwa ukanda wa kichwani kwa saa nyingi kila siku, na vijana wengi waliuvua mara walipofika nyumbani.

Mnamo mwaka 1945 wataalamu wawili wa Marekani, Gainsforth na Higley, walijaribu kutia parafujo katika taya za mbwa. Zote zililegea baada ya majuma machache. Mwaka 1983 Creekmore na Eklund, nao wa Marekani, walieleza jinsi parafujo moja iliyotiwa chini ya pua ya mgonjwa ilivyosaidia kuyainua meno yake ya mbele kiasi cha milimita 6 kwa mwaka mmoja, bila yenyewe kusogea. Mwaka 1997 Kanomi wa Japani alieleza matumizi ya parafujo nyembamba yenye unene wa milimita 1.2 tu.

Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa madini ya titani. Daktari huchunguza picha ya eksirei ili asiguse mizizi ya meno, hutia ganzi kidogo, kisha huzungusha parafujo hiyo mfupani kati ya mizizi. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Kutoka hapo springi huyavuta meno polepole, yapata milimita moja kwa mwezi, nayo magego hubaki mahali pake. Matibabu yakiisha, parafujo hufunguliwa na kidonda hupona upesi.

Hata hivyo, nanga hii si ya kuaminiwa bila kutunzwa. Katika kila parafujo 100, zipatazo 13 hulegea kabla ya kazi kwisha. Ufizi unaovimba kwa uchafu ni adui wake mkubwa, na wavutaji wa sigara nyingi huzipoteza zaidi. Watoto wadogo, ambao mfupa wao haujakomaa, kwa kawaida hawatiwi.

Basi mzazi ambaye mwanawe ameshauriwa kung'olewa meno ili mengine yapangwe, na amwulize daktari mapema: magego yatazuiwa na nini? Na aliyekwisha kutiwa parafujo aisafishe kila siku kwa mswaki laini, wala asiichezee kwa ulimi au kidole. Akiihisi inatikisika, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.