Bendera Yapepea, Mchukuzi Amegandishwa

Ipo aina ya picha ambayo si sinema wala si picha ya kawaida: yote imetulia, ila sehemu moja inacheza bila kukoma. Wapiga picha wawili wa Marekani, Kevin Burg na Jamie Beck, waliipa jina la sinemagrafu mwaka 2011.

Utengenezaji wake si muujiza. Kamera husimikwa isitikisike, ikachukua sinema ya sekunde chache. Kisha kwa programu ya kompyuta, kama vile Photoshop, picha moja hutandazwa juu ya zote. Fundi huitoboa pale tu anapotaka mwendo uonekane, na mwisho wa mwendo huo akauunga na mwanzo wake.

Sasa twende ufukoni Bagamoyo. Jahazi kutoka Unguja limetia nanga. Wachukuzi wamo majini, mizigo begani. Bendera hupepea palepale ilipofungwa, kwa hiyo mwendo wake huungika kwa urahisi. Mchukuzi hutembea akatoka nje ya picha, basi fundi humgandisha. Kitambaa kikawa hai, mtu akawa gogo! Hapo ndipo tunapokataa.

Wazee wetu waligandishwa na kamera za polepole za karne ya 19, ambapo hapakuwa na hiari. Leo hiari ipo. Tunawaomba maofisa wanaotangaza utalii wa mwambao, wa bara na wa visiwani, wasipokee kila picha waletewayo. Nyundo ya fundi anayekalafati jahazi nayo hupanda na kushuka palepale. Na iachwe ipige.