Chupa na puto zatosha kufunzia watoto kazi ya mapafu

MTOTO akiulizwa kwa nini kifua hufutuka anapovuta pumzi, aghalabu hujibu kwamba hewa ndiyo iliyoingia ikakisukuma. Ukweli ni kinyume chake, na mchoro wa kitabuni haulisahihishi kosa hilo hata ukikaririwa mara mia.

Mwalimu wa Thika au Ruiru hahitaji maabara ili kulisahihisha. Mji wa Ruiru pekee ulikuwa na zaidi ya watu 490,000 katika sensa ya 2019, na darasa likifurika, kifaa kimoja cha bei ghali hakiwafai walioketi nyuma. Bora kitu ambacho kila kundi laweza kujiundia.

Chukua chupa ya plastiki ya soda, uikate kitako. Ingiza puto mdomoni mwa chupa, ukingo wake uukunje nje. Kata puto jingine, ulitandaze penye kitako na kulifunga kwa utepe. Mtoto akiuvuta mpira wa chini, puto la ndani hufutuka, akiuachilia, hunywea. Hakuna aliyepuliza! Nafasi chupani imepanuka, shinikizo la hewa likapungua, hewa ya nje ikaingia. Ndivyo kinavyofanya kazi kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu.

Hata hivyo, chupa haitanuki ilhali mbavu hutanuka. Kwa hivyo, watoto waweke viganja mbavuni na kuvuta pumzi, la sivyo watadhani kiwambo hufanya kazi peke yake.

Kuhusu moyo, karatasi yatosha. Mwaka wa 1816, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza kifua cha mgonjwa. Wanafunzi na wafanye vivyo hivyo: wahesabu mapigo kwa nusu dakika, wazidishe kwa mbili, wakimbie uwanjani, kisha wahesabu tena. Mwenye pumu asilazimishwe kukimbia. Apewe saa awe mpima muda.

Ubunifu huu si mgeni nchini. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa 1998 kwa msaada wa Japani, uliwahimiza walimu wa sayansi kutumia vifaa vinavyopatikana karibu nao.

Jaribio la mate ndilo rahisi kupita yote. Mtoto atafune mkate kwa dakika moja bila kumeza, kisha aeleze ladha yake. Utamu atakaouhisi ni wanga uliokwisha kuanza kugeuzwa sukari kinywani.