"Balansi" ya Jinja, "balansi" ya Mbale: nani anamdai nani?

Ukinunua maharage ya shilingi 46,000 sokoni Jinja na kutoa noti ya 50,000, muuzaji atakuambia usubiri "balansi" yako. Anazungumzia chenji: hizo 4,000 ni zako. Vivyo hivyo, mtu wa bodaboda akisema hana balansi, hajafilisika. Hana chenji ya kukurudishia.

Sasa chukua mfano wa duka la jumla mjini Mbale. Umebeba mzigo wa 900,000 na kulipa 600,000. Mwenye duka anaandika kwenye risiti: "Balance 300,000". Neno ni lile lile, lakini safari hii fedha si zako, ni deni lako. Ukifungua simu kuangalia balansi ya MTN au Airtel Money, neno hilo limekuwa salio.

Asili ya neno hili la Kiingereza ni Kilatini, ambako lilitaja mizani ya sahani mbili. Ndiyo maana linaweza kuelemea upande wowote. Mkiwa ana kwa ana hakuna shida, kwa kuwa noti mnaziona. Shida huanza mzigo ukishavuka Malaba au Busia, hesabu zikashikwa na kijana wa dukani ambaye hakuwepo siku ya mauzo. Neno "balance" na tarakimu tupu havimwambii nani anamdai nani. Kwa mwenye mtaji mdogo, 300,000 huenda ndiyo faida yote ya safari.

Kiswahili kimeshazigawa kazi hizo: chenji ni ya mnunuzi, deni ni la muuzaji kudai, salio ni fedha iliyomo kwenye akaunti. Hata biashara kati ya nchi na nchi ina neno lake, urari. Na kwa kuwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, hakuna ugeni kukiandika kwenye risiti ya Mbale.

Kabla ya kuondoka dukani, hakikisha risiti inataja bei yote, kilicholipwa na mwenye kudaiwa: "Jumla 900,000. Amelipa 600,000. Mnunuzi anadaiwa 300,000." Wekeni sahihi wote wawili, kisha kila mmoja aipige picha kwa simu yake.