Kampuni ya Kimataifa Kisumu: Inatoa Nini, Inachukua Nini

Kila msimu wa mahafali ya vyuo vya Maseno, Bondo au Kisumu National Polytechnic, sisi tulio ughaibuni hupokea ombi lile lile kutoka nyumbani: "Mjomba, nitafutie nafasi kwenye kampuni kubwa, ile ya kimataifa." Ni ombi la haki. Katika mji ambao wengi hula kwa boda boda, biashara ya samaki na jua kali, mshahara unaoingia tarehe inayojulikana ni heshima na ni pumzi. Lakini kabla hatujawapigia watu simu, tuwaeleze vijana wetu kampuni hizi zimeishi vipi na ufuo wa ziwa letu.

Kiwanda kilichofungwa, kikarudi

Mfano ulio wazi zaidi ni kiwanda cha bia cha Kisumu. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na baadaye ikawa chini ya kundi la East African Breweries. Kwa miaka mingi mwenye hisa nyingi katika kundi hilo amekuwa Diageo ya London, iliyozaliwa mwaka 1997 Guinness ilipoungana na Grand Metropolitan.

Mwaka 1998 mpinzani aliingia: South African Breweries ilifungua kiwanda chake Thika na vita vya bei vikaanza. Mwaka 2002 wakubwa hao wawili wakapatana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, na kila upande ukachukua hisa katika biashara ya mwenzake, Kenya na Tanzania. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 2000, Kisumu nayo ikapoteza kiwanda chake na uzalishaji ukakusanywa Ruaraka, Nairobi. Mji ulikuwa bado unauguza kidonda cha KICOMI, kiwanda cha nguo kilichokuwa kimezimika. Mfanyakazi hakuwa amekosea kitu. Hesabu ilipigwa mbali naye, na jina lake halikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Kilichokirudisha kiwanda ni Senator, bia ya bei nafuu iliyozinduliwa mwaka 2004 ili kuwavuta wanywaji kutoka kwenye chang'aa. Bia hii hutumia mtama, na mtama hustawi Nyanza na Magharibi. Lakini mwaka 2013 serikali iliitoza ushuru wa asilimia 50, mauzo yakaporomoka na wakulima wa mikataba wakabaki na magunia. Ushuru ulipolegezwa baadaye, hesabu zikabadilika tena: mwaka 2017 kampuni ikatangaza uwekezaji wa shilingi bilioni 15 Kisumu, na mwaka 2019 mitambo ikaanza kazi.

Tangazo lilitaja ajira zaidi ya 100,000, za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja. Zingatieni maneno hayo ya mwisho. Sehemu kubwa ya watu hao ni wakulima wa mtama, madereva, wasambazaji na wenye baa. Wanaovaa sare ya kiwanda ni wachache, kwa sababu mtambo wa kisasa huhitaji mikono michache yenye ujuzi. Kijana anayesikia idadi hiyo na kudhani ni foleni ya kuajiriwa langoni atavunjika moyo.

Inachotoa

Tusiwe wachoyo wa sifa. Mwenye kazi ya kudumu katika kampuni kubwa kwa kawaida hupata mkataba wa maandishi, bima ya afya, michango ya uzeeni inayofika inakotakiwa, na kanuni za usalama zinazofuatwa. Karatasi yake ya mshahara humfungulia mlango wa benki na sacco. Zaidi ya yote hupata mafunzo: fundi aliyejifunza kutunza mitambo ya kisasa Kisumu anaweza kuajirika Kampala, Mwanza, hata Dubai. Ujuzi huo hakuna mkurugenzi anayeweza kuufunga.

Inachochukua

La kwanza nimeshaligusa: uamuzi uko mbali. Wa Siaya wanalijua hili. Miaka ya 2000 Dominion Farms kutoka Oklahoma, Marekani, ilikodishiwa maelfu ya ekari za kinamasi cha Yala kwa miaka 25 ili kulima mpunga. Ilileta vibarua, barabara na migogoro ya ardhi na wenyeji, kisha ikaondoka kabla muda wa mkataba haujaisha. Wenye viwanda vya samaki nao wanakumbuka miaka ya kati ya 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, kwa hofu ya salmonela, ya kipindupindu, kisha ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Kalamu iliandika Brussels, mtu akakosa kibarua Kisumu.

La pili ni mwajiri asiyeonekana. Siku hizi jina kubwa huwa ukutani, lakini mkataba ni wa wakala. Wakenya waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook Nairobi waliajiriwa kupitia kampuni ya Sama. Walipodai haki zao, Meta, mmiliki wa Facebook, ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba inaweza. Ni ushindi, lakini ulichukua miaka.

Kabla ya kutia sahihi

Kijana wangu, uliza kwanza: jina la mwajiri kwenye mkataba ni la nani? Ni kazi ya kudumu, ya muda au ya kibarua? Uhamisho ukija, nani analipa gharama? Fahamu pia sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya angalau mwezi mmoja, na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanyia kazi. Kama kuna chama cha wafanyakazi, jiunge siku za mwanzo, usingoje moto uwake.

Na wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sacco yako, shamba la mtama la mama, duka dogo Kondele: huo ndio mbachao wako. Vitunze hata mshahara ukiwa mnono.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakujibu: nenda. Ingia, jifunze kila unachoweza, weka akiba, dai vyeti vya kila mafunzo. Lakini usiikabidhi kampuni maisha yako yote. Nasi wa ughaibuni, tukimtafutia mpwa nafasi, tumsaidie pia kuusoma mkataba wake mstari kwa mstari. Msaada huo hauna gharama, na thamani yake ni kubwa kuliko simu tunayompigia meneja.