Nusukaputi si usingizi: Tumwambie mzee ukweli kwa Kiswahili

Msomaji mmoja wa Korbesa, kaunti ya Isiolo, ameniuliza swali zito. Baba yake, jarsa wa miaka 78 kama Waborana wanavyomwita mzee, anatarajiwa kupasuliwa nyonga. Ameambiwa ‘atalazwa usingizi’. Mzee akauliza: “Usingizi gani huo wa mtu kukatwa mfupa asishtuke?” Binti anataka kujua kama Kiswahili kina neno bora.

Neno lipo. Kwanza tutenganishe istilahi mbili. Ganzi ni hali ya kiungo kukosa hisia; ukitiwa dawa ya ganzi ung’olewe jino, fahamu zako hubaki. Nusukaputi ni dawa ya kumpotezea mtu fahamu kabisa ili apasuliwe. ‘Nusu’ ina asili ya Kiarabu, nayo ‘kaputi’ huhusishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika. Ni kama kusema ‘nusu kufa’! Nashuku ndiyo maana wengi hulikwepa na kukimbilia ‘usingizi’. Hata wasemao Kiingereza walilazimika kutafuta jina. Mwaka 1846, baada ya etha kutumiwa hadharani katika upasuaji mjini Boston, daktari Oliver Wendell Holmes alipendekeza neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kutohisi. Hakusema usingizi.

Je, picha za ubongo zinamuunga nani mkono, daktari au mzee? Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Chakula chake kikuu ni sukari iitwayo glukosi. Kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu huitwa umetaboli. Ili kuupima, mtu hudungwa sukari iliyounganishwa na florini yenye mnururisho. Sehemu ya ubongo inayochapa kazi huivuta kwa wingi, na mashine ya PET huionyesha iking’aa. Nchini Kenya mashine hizo zipo Nairobi katika Hospitali ya Aga Khan, na pia katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Florini hiyo hupungua kwa nusu kila dakika 110, hivyo haiwezi kungojea safari ya Merti. Mgonjwa ndiye huifuata.

Mwaka 1995, Michael Alkire na wenzake huko California walipima watu waliotiwa dawa ya propofoli. Matumizi ya sukari ubongoni yalishuka kwa zaidi ya nusu. Ni kweli kwamba usingizi mzito pia huyapunguza, ila mtu aotapo ndoto, ubongo wake hula sukari karibu sawa na wa aliye macho. Isitoshe, aliyelala ukimtikisa huamka. Aliyetiwa nusukaputi haamshwi hata na kisu. Basi mzee wetu kauliza swali la kisayansi. Wala dawa zote hazifanani: ketamini yaweza hata kuongeza matumizi hayo.

Uzee nao una lake. Kadiri miaka inavyosonga, ubongo, hasa sehemu ya mbele, hutumia sukari kidogo. Mahitaji ya dawa hupungua vilevile: baada ya miaka 40, kiasi cha nusukaputi ya kuvuta kinachotosha hushuka kwa takriban asilimia 6 kila mwongo. Kipimo cha kijana ni kingi mno kwa babu yake. Ndiyo sababu umri halisi na dawa zote anazomeza mzee lazima zitajwe, zikiwemo za mitishamba.

Hapa pana mtego kwa watafiti. Mnyama hatulii ndani ya mashine bila kutiwa dawa. Sasa picha ikionyesha ubongo wake umefifia, ni uzee au ni dawa? Asiyetenganisha mambo hayo mawili atausingizia uzee makosa ya sindano.

Kuna jambo jingine ambalo neno ‘usingizi’ hulificha. Baadhi ya wazee huzinduka wakiwa wamechanganyikiwa: hawajui walipo, au wanamwita ndugu aliyefariki kitambo. Mara nyingi hali hiyo hupita baada ya siku chache. Si wazimu wala si majini. Mwarifuni muuguzi mara moja, mrudishieni miwani yake, na pawepo mtu wa nyumbani wa kumsemesha Kiborana.

Kwa hivyo, dada yangu wa Korbesa, mwambie hivi: “Abba, utatiwa nusukaputi. Si usingizi wa kawaida. Utapoteza fahamu, hutahisi kisu, na daktari wa nusukaputi atakuwa kando yako akilinda pumzi na moyo wako mpaka uzinduke. Ukizinduka umechanganyikiwa, nitakuwepo.” Kisha mwache aulize. Sahihi anayoitia mzee kwenye fomu ya upasuaji ina maana tu ikiwa ameelewa anachokikubali.